Zamu ya Kupeleka: Namna Vyombo Vinavyogawana Njia Moja ya Hewani

Somo hili linawahusu makatibu wa vyama, lakini yafaa lisomwe mbele ya kamati nzima. Kwani jambo lenyewe aghalabu huanza kama ila ya mitambo na huishia kuwa ugomvi wa watu.

Ichukuliwe mfano wa chama cha ushirika chenye ofisi yake katika orofa ya kwanza ya nyumba ya mawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyuma ya soko la Darajani. Chama kimekodi laini moja ya intaneti, nayo hulipiwa na wanachama 20 kwa mchango ulio sawa. Fundi wa milango hulipa kiasi kile kile anacholipa muuza viungo, na muuza viungo sawa na Bibi anayedarizi kofia. Imefika tarehe 30 ya mwezi, na katibu ameketi kupeleka hesabu za chama kwenye Chama Kikuu. Hesabu zenyewe ni faili dogo, kilobaiti 200 tu. Haziendi. Anajaribu mara ya pili, haziendi. Chini, barazani, fundi anampelekea mnunuzi wa Muscat picha za video za mlango aliomchongea. Katika chumba cha pili, simu ya mwanachama mwingine, pasina mwenyewe kujua, inapeleka picha zote za harusi ya juzi kwenye hifadhi ya mbali. Jioni yanasemwa maneno. Fundi adai kwamba katibu ameizuia laini kwa ajili ya ofisi. Katibu adai kwamba fundi ameila laini. Na Bibi wa kofia, ambaye chumba chake ki nyuma ya ukuta mnene na ambaye hajapata kitu cha maana mwezi mzima, auliza kwa nini aendelee kulipa.

Kila mmoja wa hao watatu ana sehemu yake ya haki, wala hakuna aliyeiba. Ili kamati iweze kukata shauri, yapasa ijue kwanza njia ya hewani hugawanywa vipi.

KUPOKEA NA KUPELEKA

Laini nyingi zinazouzwa kwa nyumba na ofisi ndogo zina upande mpana wa kupokea na upande mwembamba wa kupeleka. Waliozipanga walidhani kwamba mtu wa kawaida hupokea zaidi kuliko anavyopeleka, na kwa miaka mingi dhana hiyo ilikuwa sahihi. Lakini mzalishaji mali si mpokeaji tu. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani anayetaka kumwonyesha mnunuzi jinsi mwani wake ulivyokauka, huyo ni mpelekaji. Kadhalika fundi wa milango, na kadhalika katibu mwenye hesabu za mwezi.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Hata anayepokea hupeleka. Kila mzigo wa habari ufikapo, chombo kilichoupokea hurudisha stakabadhi ndogo ya kukiri kwamba mzigo umefika, na mpelekaji wa mbali hasogezi mzigo mwingine mwingi mpaka aione stakabadhi hiyo. Basi upande wa kupeleka ukizibwa, stakabadhi nazo hukwama, na upande wa kupokea hupungua mwendo ingawa ni mpana na mtupu. Ndiyo sababu mtu mmoja akipeleka video, wote nyumbani hulalamika kwamba intaneti imekufa.

KANUNI ILIYOZALIWA VISIWANI

Wazanzibari wanaweza kupendezwa kujua kwamba suala la vyombo vingi kugawana njia moja ya hewani lilianza kutafutiwa dawa visiwani. Katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Profesa Norman Abramson na wenzake waliunda mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, ulioanza kazi mwaka 1971, ili vituo vilivyotawanyika visiwani viweze kuitumia kompyuta iliyokuwa katika kisiwa cha Oahu. Kompyuta ilikuwa na njia yake ya kupelekea habari kwa vituo, nayo haikuwa na mshindani. Lakini vituo vyote viligawana njia moja ya kurudishia habari kwenye kompyuta, na mzozo wote ulikuwa hapo, upande wa kupeleka.

Kanuni yao ilikuwa nyepesi hata ikafanana na ukosefu wa kanuni: mwenye cha kusema na aseme. Wawili wakisema pamoja, maneno huvurugika, stakabadhi hairudi, na kila mmoja hungoja muda wa bahati nasibu kabla ya kukariri. Hesabu ilionyesha kwamba kwa kanuni hiyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, njia haiwezi kutumika kwa faida zaidi ya asilimia 18 ya wakati wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alionyesha kwamba vituo vikianza kusema kwa mapigo ya saa moja, kiwango hicho hufika karibu asilimia 37.

Mtandao usio na waya unaotumika leo maofisini, ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, ni mjukuu wa huo. Tofauti kubwa ni kwamba chombo husikiliza kabla ya kusema. Kikisikia kimya, huchagua kwa bahati nasibu tarakimu baina ya 0 na 15, huhesabu kurudi nyuma, kila hesabu ikiwa sehemu 9 za milioni ya sekunde, kisha husema. Vikigongana viwili, kila kimoja huongeza upana wa tarakimu maradufu: 31, kisha 63, hata kufikia 1,023. Ni adabu ya barazani: asiyesikilizwa hunyamaza kidogo zaidi kabla ya kujaribu tena.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao, nayo ni mmoja wa wasemaji, na katika kanuni ya kawaida haipati zamu nyingi kuliko simu yoyote. Ikiwa vyombo vitano vinapeleka kwa nguvu, ruta ni wa sita, hupata takriban sehemu moja ya sita ya zamu, na kwa sehemu hiyo moja yaitakikana iwahudumie wote wanaopokea. Wapelekaji huwashinda wapokeaji bila ya kukusudia.

UKUTA WA MATUMBAWE

Adabu ya kusikiliza hufaa pale watu wanaposikiana. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake mara nyingi hufika unene wa nusu mita au zaidi. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Hivyo mtu hatembei mbali kabla ya kukutana na ukuta mwingine. Kuta hizo ni neema wakati wa jua kali, lakini mawimbi ya redio hufifia ndani yake.

Madhara ni mawili. La kwanza, simu mbili zilizo pande mbili za ukuta huweza kuisikia ruta iliyo ukumbini bila ya kusikiana zenyewe. Kila moja husikiliza, husikia kimya, husema. Na maneno yao hugongana masikioni mwa ruta. Iko dawa: chombo huomba ruhusa kwanza kwa neno fupi, na jibu la ruta husikika na wote. Dawa hiyo huongeza maneno, na katika ruta nyingi haitumiki mpaka iamrishwe.

La pili ni kubwa zaidi. Chombo kilicho mbali au nyuma ya ukuta hulazimika kusema pole pole ili kifahamike, na zamu yake huwa ndefu.

DUMU LENYE MDOMO MWEMBAMBA

Wenye umri wanaikumbuka foleni ya maji kwenye mfereji wa mtaa. Kila mtu alijaza dumu moja, kisha akarudi nyuma ya foleni. Kanuni hiyo ni ya haki madamu madumu yanafanana. Akitokea mwenye dumu lenye mdomo mwembamba, linalotaka kujazwa taratibu, yeye naye hupata dumu moja kama wenziwe. Ila mfereji huukalia muda mrefu mara kadhaa kuliko wao, na foleni nzima hutembea kwa mwendo wake.

Ndivyo ilivyo hewani. Pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1,500, yaani biti 12,000. Chombo kilicho karibu na ruta, kikisema kwa mwendo wa megabiti 54 kwa sekunde, huipeleka kwa milisekunde 0.22. Chombo cha nyuma ya ukuta, kikisema kwa megabiti 6, huipeleka kwa milisekunde 2. Vikipokezana zamu kwa zamu, kila mzunguko huchukua milisekunde 2.22, na kila kimoja hupata megabiti 5.4 kwa sekunde. Vyote viwili pamoja ni 10.8. (Muda wa kusikilizana na wa stakabadhi umeachwa nje ili hesabu iwe nyepesi, ukitiwa, tarakimu zote hushuka, bali maana ni ile ile.) Hivyo chombo cha mwendo wa 54 kimeshushwa chini hata ya mwendo wa mwenziwe wa 6. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliueleza mkasa huu kwa hesabu kamili na kuuita kasoro ya mtandao usio na waya.

Sasa kanuni na ibadilishwe: badala ya zamu sawa, kila chombo kipewe muda sawa wa hewani. Chombo cha karibu kitapata megabiti 27, cha mbali kitapata 3, na jumla itakuwa 30. Mali iliyopatikana njiani imekuwa karibu mara tatu. Lakini Bibi wa kofia ameshuka kutoka 5.4 hadi 3, naye hakuuchagua ukuta.

Hapo ndipo shauri la kamati lilipo. Yupo atakayesema kwamba wote wamelipa sawa, basi wapate sawa. Yupo atakayesema kwamba haifai watu wengi wakawishwe na mmoja. Wenye hesabu wana hoja inayostahili kusikilizwa. Chini ya kanuni ya muda sawa, kila mwanachama hupata kile ambacho angalipata lau wenziwe wote wangalikuwa na vyombo kama chake. Wakiwa wanne, watatu wa 54 na mmoja wa 6, yule wa 6 hupata 1.5, na lau wote wanne wangalikuwa wa 6, angalipata hiyo hiyo 1.5. Basi wenye vyombo vya kasi hawakumpunguzia kitu, wala yeye hakuwapunguzia. Chini ya kanuni ya zamu sawa, wote wanne hupata 4.5, na wale watatu ndio wanaolipia ukuta wa nyumba ambayo hawakuijenga.

Ushirika tangu Rochdale, mwaka 1844, umekuwa na mizani miwili: kura ni moja kwa kila mwanachama, lakini ziada hugawanywa kwa kadiri mwanachama alivyokitumia chama. Muda sawa wa hewani hauingii kikamilifu katika mizani yoyote ya hiyo miwili, na kamati isidhani kwamba fundi wa ruta anaweza kuamua kwa niaba yake. Ila yafaa kukumbuka kwamba ukuta huweza kupitwa. Ruta ya pili ikiwekwa upande wa Bibi wa kofia na kuunganishwa na ya kwanza kwa waya, yeye naye huwa wa karibu, na suala la nani apunjwe huondoka. Waya ndio wa maana. Vile visanduku vinavyodaka maneno hewani na kuyarudia hewani husema kila kitu mara mbili, na hivyo hula muda wa wote mara mbili.

FOLENI YA MLANGONI

Yote yaliyosemwa yanahusu hewa ya ndani. Mara nyingi, hata hivyo, mlango mwembamba si hewa bali ni laini itokayo nje. Katibu aweza kupambanua kwa jambo moja: aiunganishe kompyuta na ruta kwa waya, apime mwendo wa kupeleka, kisha apime tena bila ya waya katika kila chumba. Ikiwa waya unatoa megabiti 2 na chumba cha nyuma nacho kinatoa 2, hewa haina kosa.

Ichukuliwe kwamba ni hizo 2. Video ya fundi ni megabaiti 90, yaani megabiti 720. Itachukua sekunde 360, ambazo ni dakika 6. Ruta ina ghala la kuwekea pakiti zinazongoja kutoka. Ghala likiwa la megabaiti 1 na video ikalijaza, basi pakiti ya mtu mwingine itakayoingia itangoja sekunde 4 kabla ya kutoka. Kupeleka hesabu si neno moja. Ni maulizo na majibu kadha wa kadha, na kila ulizo hungoja sekunde 4. Mwisho programu hukata tamaa. Katibu huona maandishi mekundu, na huamini kwamba amehujumiwa.

Dawa inayokuja haraka akilini ni kuigawa laini mafungu 20 yaliyo sawa, kilobiti 100 kwa kila mwanachama. Hii ni dawa mbaya. Hesabu za katibu zitachukua sekunde 16, jambo la kuvumilika. Lakini video ya fundi itachukua saa 2 kamili hata kama ni usiku wa manane na wengine 19 wamelala. Fungu lisilotumika halimfaidishi mtu.

Dawa nzuri ni ruta kushika foleni nyingi badala ya moja, na kuchota katika kila foleni kwa zamu. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya CoDel ya kuzuia ghala lisijae bure, na kutokana nayo ikatokea FQ-CoDel, ambayo maelezo yake yalitolewa rasmi mwaka 2018. Chini ya kanuni hiyo, katibu na fundi wakiwa peke yao, kila mmoja hupata megabiti 1. Hesabu hutoka kwa sekunde 1.6. Na video ya fundi inachelewa kiasi gani? Humalizika kwa sekunde 360.8 badala ya 360. Kamati yenye kuziona tarakimu hizi mbili haitakuwa na sababu ya kugombana.

Ila FQ-CoDel huhesabu mazungumzo, si watu. Simu inayopeleka picha kwa mazungumzo manane pamoja huhesabiwa kuwa wanane. Kanuni ya baadaye, CAKE, huweza kuhesabu kwa chombo: kila chombo fungu moja, kisha ndani ya fungu hilo kijigawie chenyewe. Mwenye simu, kompyuta na kishikwambi bado huhesabiwa watatu, na hilo kamati yapaswa kuliangalia. Zote mbili hupatikana bure katika programu ya OpenWrt kwa ruta zinazoikubali. Sharti ni moja: ruta iambiwe mwendo wa laini kwa kiasi kilicho chini kidogo ya kile kilichopimwa, kama vile asilimia 90, ili foleni isimame ndani ya ruta na si kwenye mitambo ya kampuni, ambako kanuni za chama hazifiki.

TAHADHARI

Wauzaji hutangaza ruta zenye kitufe cha haki ya muda wa hewani. Kitufe hicho kwa kawaida hupanga kile ambacho ruta yenyewe inakisema, yaani upande wa kupokea. Kila simu hujitafutia zamu yake ya kupeleka, na ruta za namna ya zamani hazina amri juu yake. Ni katika kanuni za kizazi cha sita, zilizotolewa mwaka 2021, ndipo ruta ilipopewa uwezo wa kuvipangia vyombo zamu za kupeleka na hata kuviruhusu kadhaa viseme kwa pamoja katika vipande tofauti vya njia, kama mnara wa simu ufanyavyo siku zote. Lakini simu isiyo ya kizazi hicho haiielewi amri hiyo, na simu za wanachama wengi si za kizazi hicho.

Baadhi ya mafundi hushauri kuikataza ruta isikubali mwendo wa chini. Shauri hili huharakisha mambo kweli, maana chombo kizito ama husogea karibu ama hukatika. Kabla ya kulikubali, kamati na ihakikishe ni nani atakayekatika.

Majirani nao ni washirika wasioandikishwa. Katika masafa ya gigahezi 2.4 zipo njia tatu tu zisizopandana, nazo ni ya 1, ya 6 na ya 11. Na katika mitaa kama Shangani, penye hoteli zinazogusana kuta, kila njia ina wasemaji wengi. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, lakini ukuta wa matumbawe huyazuia zaidi. Katika nyumba zenye uwazi wa ndani, ruta ikitolewa kabatini kwa mweka hazina na kutundikwa mahali panapoutazama uwazi huo, huhudumia vyumba vya orofa zote. Kabla ya kutoboa ukuta au kufunga chochote upande wa nje, yapasa Mamlaka ya Mji Mkongwe iulizwe. Vyama vya shamba haviusumbukii ukuta; huko mara nyingi shida ni laini yenyewe ya nje.

Na ziko siku ambazo kosa halimo nyumbani kabisa. Mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima ilipungukiwa, na hakuna ruta iliyoweza kusaidia.

Gharama ndogo kuliko zote ni makubaliano: kazi kubwa za kupeleka zifanywe usiku, na simu zipangwe zisihifadhi picha mchana. Makubaliano hayo, pamoja na namna ruta ilivyopangwa, yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Neno la siri la ruta lishikwe na watu wawili, na mmoja wao asiwe katibu, kwa sababu katibu ni mmoja wa wenye foleni.

MASWALI YA KUJADILIWA NA KAMATI

Je, katika chama hiki fungu la laini lihesabiwe kwa mwanachama au kwa chombo, na mwenye vyombo vitatu alipe zaidi au asilipe? Fedha za ruta ya pili kwa ajili ya chumba cha nyuma zitolewe na wote, au na wenye chumba hicho? Katika hesabu ya wanachama wanne iliyotolewa juu, akija wa tano mwenye mwendo wa 6, kila mmoja atapata megabiti ngapi chini ya zamu sawa, na ngapi chini ya muda sawa?